Kuuvuka Ubinadamu na Kuyakimbia Mauti: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Nimesomesha baiolojia katika skuli za sekondari za Pemba kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mwaka ninapofika kwenye somo la seli na namna zinavyogawika, hunyanyuka mkono mmoja kule nyuma na mwenye mkono huo huuliza kwa nini basi tunakufa. Zamani swali hilo lilikuwa likiishia hapo. Siku hizi wanafunzi huja na habari walizozisoma katika simu, za matajiri wa Marekani wanaotaka kuishi milele, na baada ya sala ya Alasiri wazee wa barazani nao huniita niwaeleze kama hayo ni ya kweli au ni porojo. Nimeyaandika hapa maswali yanayorudi zaidi. Majibu ni maoni ya mwalimu. Si fatwa, wala si ushauri wa daktari.

Transihumanizimu ni kitu gani?

Ni fikra kwamba binadamu kama tunavyomjua leo si kikomo, na kwamba kwa msaada wa sayansi anaweza, na kwa maoni ya wafuasi wake anapaswa, kuivuka mipaka ya mwili wake: maradhi, usahaulifu, uzee, na kwa baadhi yao mauti yenyewe. Neno hili lilipata umaarufu kupitia insha aliyoichapisha Julian Huxley mwaka 1957. Huxley alikuwa mwanabaiolojia wa Uingereza na mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO, na alichokiwaza hasa kilikuwa jamii nzima ya wanadamu kuutambua uwezo wake. Kompyuta za kuhifadhia roho za watu ziliongezwa na waliomfuata.

Kwa Kiswahili mimi husema kuuvuka ubinadamu, na wafuasi wa fikra hii huwaita wavukaji. Mtu wa Pemba hahitaji kuelezwa kuvuka ni nini, wala kwamba si kila anayevuka hufika.

Hayo si mambo ya huko mbali tu? Hapa kwetu nani anayafanya?

Bibi yangu, aliyeishi Wete maisha yake yote, alipoteza kuona kwa sababu ya mtoto wa jicho akiwa na miaka sabini na kitu. Alipasuliwa, lenzi yake iliyokuwa imepata ukungu ikatolewa, akawekewa nyingine ya plastiki, na siku alipofunguliwa bandeji alimwangalia mama yangu kwa muda mrefu kisha akamwambia, “Kumbe na wewe umezeeka, mwanangu.” Kuanzia hapo hadi alipofariki alisoma msahafu wake bila ya kusomewa na mtu.

Lenzi ile ina historia yake. Daktari wa macho wa London, Harold Ridley, aliwatibu marubani wa vita vya pili vya dunia waliokuwa wameingiwa machoni na vipande vya plastiki vya vioo vya ndege zao, akaona kwamba jicho halikikatai kitu kile, na mwaka 1949 akamwekea mgonjwa lenzi ya kwanza iliyotengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo. Miaka tisa baadaye, Sweden, Arne Larsson aliwekewa kifaa cha umeme cha kuurekebisha mwendo wa moyo, akiwa mtu wa kwanza duniani kuwekewa kifaa kama hicho ndani ya mwili. Kile cha mwanzo kilidumu kwa saa chache tu. Alibadilishiwa vingine zaidi ya ishirini, akaishi hadi mwaka 2001, akafariki akiwa na miaka 86, kwa maradhi yasiyohusiana na moyo ule.

Kwa hiyo bibi yangu alikuwa mvukaji bila ya kujijua, na sijawahi kumsikia mtu yeyote wa Wete akisema kwamba plastiki ile ilimpunguzia ubinadamu. Ninapowasikia watu wakisema kwamba kuuchanganya mwili na chombo ni jambo la kutisha, huwauliza kwanza nani katika nyumba yao ana miwani, meno ya bandia au chuma mfupani.

Mwalimu, mwili unazeeka kwa nini, na dawa yake iko karibu?

Swali hili ndilo lenye sayansi nyingi zaidi, na ndilo linaloulizwa na watu walio tayari kutoa fedha zao, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Mwaka 1961 Leonard Hayflick alionesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikioteshwa katika maabara hugawika takriban mara 40 hadi 60, kisha huacha. Baadaye ilifahamika kwamba katika ncha za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, kuna vifuniko viitwavyo telomea ambavyo hufupika kila seli inapogawika, mfano wa ncha ya kamba inayofumuka kidogo kila inapofungwa na kufunguliwa. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kazi yao juu ya telomea na kimeng’enya kinachozirefusha. Mwanafunzi mwerevu huuliza papo hapo: basi kwa nini tusikiwashe kimeng’enya hicho katika seli zote? Jawabu ni kwamba saratani nyingi hufanya hivyo hivyo. Seli iliyosahau kufa ndiyo inayomuua mwenyewe, na katika somo zima hakuna sentensi inayowanyamazisha wanafunzi wangu kama hiyo.

Hata hivyo yako matokeo ya kweli. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake walionesha kwamba mabadiliko katika jeni moja tu humfanya mnyoo mmoja mdogo, wa urefu wa takriban milimita moja, aishi zaidi ya mara mbili ya umri wake. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alitumia jeni nne kuirudisha seli iliyokomaa ya panya katika hali ya uchanga. Mwaka 2009 dawa iitwayo rapamaisini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa Kisiwa cha Pasaka, ilirefusha maisha ya panya waliokwisha kuwa wazee walipoanza kupewa. Mimi kama mtu wa kisiwani hufurahi kila ninapoitaja habari hiyo, ingawa dawa yenyewe huzuia kinga ya mwili na hupewa waliobadilishiwa figo, kwa hiyo si kitu cha mtu kujinunulia na kujimezea.

Baina ya panya na binadamu pana mkondo mkubwa. Panya huishi miaka miwili au mitatu na jaribio lake hukamilika, ambapo jaribio kama hilo kwa watu lingehitaji muda mrefu kuliko maisha ya kazi ya mtafiti mwenyewe. Hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kumrefushia umri binadamu mwenye afya njema kwa kuupunguza uzee wake. Aliyeishi muda mrefu kuliko wote kwa kumbukumbu zilizohakikishwa ni Mfaransa Jeanne Calment, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122, na tangu hapo, pamoja na fedha zote zilizomwagwa, hajapatikana wa kumpita. Mwenye kukuuzia vidonge vya ujana sokoni Chake Chake au kwenye simu yako anakuuzia matumaini, na bei ya matumaini haina mizani.

Wapo wanaosema uzee ni uharibifu tu, na uharibifu hutengenezeka. Wana kosa gani?

Msemaji wao mashuhuri ni Mwingereza Aubrey de Grey, aliyeupanga uharibifu wa mwili katika mafungu saba na kudai kwamba kila fungu linaweza kutafutiwa matengenezo yake. Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine zote za wavukaji, kwa sababu inafanana na kazi ninayoijua. Jahazi halifi kwa kuwa limefika umri fulani. Ubao ukioza fundi anautoa na kutia mwingine, maungio yanatiwa kalafati upya, na chombo kilichojengwa na babu kinaweza kusafiri na mjukuu akiwa nahodha.

Ninapotofautiana naye ni hapa: jahazi hupwelezwa ufukoni ndipo fundi akaligonga kwa nafasi, ilhali mwili hutengenezwa ukiwa safarini, tanga likiwa juu na maji yakiingia. Zaidi ya hayo fundi wa jahazi anazijua mbao zote kwa majina yake, na sisi mwili bado hatujaujua hivyo. Sisemi kwamba haiwezekani. Nasema kwamba kila fungu katika yale saba ni kazi ya vizazi kadhaa vya watafiti, na anayekupa tarehe anakisia.

Tukiuondoa uzee kabisa, tutaishi milele?

Hapana, na hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote niliyoyaandika hapa. Kuuondoa uzee na kuyaondoa mauti ni mambo mawili mbalimbali, na wavukaji wengi huyauza kwa bei moja katika furushi moja.

Hesabu yake ni rahisi. Mwaka 1825 Benjamin Gompertz, mtaalamu wa hesabu za bima wa Uingereza, aligundua kwamba baada ya mtu kuwa mzima hatari yake ya kufa hukua kwa uwiano usiobadilika kila miaka inavyopita, na kwa takwimu za nchi nyingi za leo hatari hiyo huongezeka maradufu kila baada ya takriban miaka minane. Mwenye miaka 78, basi, hatari yake ni kiasi cha mara 64 ya ile aliyokuwa nayo alipokuwa na miaka 30. Sasa tuchukulie kwamba tumeusimamisha uzee, na kila mtu anabaki na hatari ya kijana, tuseme mtu mmoja katika kila elfu kwa mwaka. Wastani wa umri ungekuwa kama miaka elfu moja. Ni mingi mno, lakini katika hao wasiozeeka, karibu theluthi mbili wangekuwa wamekwisha kufa kabla ya kuifikia miaka hiyo elfu, kwa barabara, kwa moto, kwa maji, kwa maambukizo.

Sisi wa visiwa hivi tunalijua hilo bila ya hesabu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikiwa njiani kuja Pemba, na mamia waliofariki usiku ule wengi wao hawakuwa wazee. Katika darasa nililokuwa nalo mwaka ule yalibaki madawati mawili matupu. Hakuna jeni wala kidonge kingewafaa watoto wale. Kilichowapungukia hakipatikani katika maabara za baiolojia.

Lugha yetu yenyewe imelihifadhi jambo hili. Neno ajali tulilolichukua kutoka Kiarabu lina maana ya muda uliowekwa, na ndiyo maana wazee wakisema ajali haina kinga husema mambo mawili kwa pamoja.

Akili ikihamishiwa katika kompyuta, si mtu ameokoka?

Ubongo wa binadamu una takriban seli za neva bilioni 86. Mnyoo yule mdogo niliyemtaja ana 302 tu, na ramani ya namna zilivyoungana ilichapishwa mwaka 1986, lakini hadi sasa hakuna aliyeweza kumwigiza ndani ya kompyuta kwa ukamilifu, akatembea, akala na akajifunza kama alivyo. Mwaka 2024 ilikamilika ramani ya ubongo mzima wa inzi wa matunda aliyekomaa, wenye seli kama 140,000. Ni kazi kubwa inayostahiki pongezi. Kutoka hapo hadi bilioni 86 si safari ya kuitabiria mwaka, ingawa Ray Kurzweil, mvumbuzi na mwandishi wa Marekani, ametaja 2045 kuwa ndio mwaka ambao akili za mashine na za watu zitaungana na kutupita tulivyo.

Tuseme imewezekana. Bado lipo swali ambalo mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu alilijibu vizuri kuliko mimi. Nilikuwa nimezungusha maneno mengi kuhusu nafsi na utambulisho, akanyanyuka akasema, “Mwalimu, mimi nilipeleka nakala ya cheti changu cha kuzaliwa, wakanirudisha nikalete chenyewe.” Darasa lilicheka, lakini hoja ilisimama. Ikiwa kompyuta ina kila kumbukumbu yangu na mimi bado nimekaa kitini ninaitazama, basi mimi siye yule. Na ikiwa siye yule nikiwa hai, sioni kufa kwangu kutanigeuza vipi niwe yeye.

Na wale wanaojigandisha?

Wapo. Mtu wa kwanza kuhifadhiwa hivyo na bado yumo ni James Bedford, aliyefariki Januari 1967 huko California. Mwili hupozwa na kuwekwa katika nitrojeni kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa tamaa kwamba siku moja utaalamu utaweza kuuhuisha. Taasisi ya Alcor ya Arizona kwa miaka mingi ilikuwa ikitoza dola kama 200,000 kwa mwili mzima, na kiasi kidogo kuliko hicho kwa kichwa peke yake. Miongoni mwa waliomo ni Fereidoun Esfandiary, mwandishi mwenye asili ya Iran aliyejibadilisha jina akajiita FM-2030 kwa kutumaini kuifikia miaka mia moja mwaka 2030. Alifariki mwaka 2000. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudishwa, na mwaka 1979 ilidhihirika kwamba miili tisa iliyokuwa katika chumba cha makaburini huko California ilikuwa imeachwa ikayeyuka baada ya fedha kukatika.

Kwetu, mtu akifariki alfajiri, mara nyingi Adhuhuri au Alasiri keshazikwa, na mwenye kuchelewesha huulizwa sababu. Ndiyo maana wazee wa barazani hulicheka suala hili kisha huligeuza kuwa la sheria, nami hulipenda linapofika huko. Mke wa aliyegandishwa anakaa eda? Mali inarithiwa? Mikarafuu yake nani ataichuma msimu huu? Jibu langu ni kwamba hata huko Marekani shughuli ya kugandisha haiwezi kuanza kabla ya mtu kutangazwa kisheria kuwa amekufa, kwa hiyo mke atakaa eda yake ya miezi minne na siku kumi, na warithi watagawana. Mzee mmoja aliuliza, je, akirudi baada ya miaka mia mbili, atadai? Nilimwambia huyo tutampeleka kwa kadhi wa wakati huo.

Dini inasemaje?

Sikusomea fikihi na wenyewe wapo, lakini sitajificha nyuma ya udhuru huo. Imepokewa hadithi ambayo Mtume (S.A.W.) aliwaambia mabedui waliomuuliza kuhusu kujitibu: jitibuni, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa ugonjwa mmoja, nao ni uzee. Wanaopinga utafiti wa uzee huishika sehemu ya mwisho. Mimi huwaonesha kwamba uzee umetajwa humo katika orodha ya magonjwa, na kwamba amri iliyomo ni ya kujitibu. Mtoto wa jicho ni wa uzeeni, na shinikizo la damu, na kusahau. Kila kimoja kikitafutiwa tiba sioni aliyeasi. Nabii Nuhu alikaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini, kwa hiyo wingi wa miaka peke yake si jambo la kupingana na imani.

Kilicho kinyume ni ahadi nyingine. Qur’ani inasema kila nafsi itaonja mauti, na katika Sura ya Taha, Ibilisi anapomshawishi Adam, hamuahidi fedha wala anasa. Anamuahidi mti wa umilele na ufalme usiokoma. Ninaposoma matangazo ya baadhi ya kampuni za wavukaji, aya hiyo hunijia yenyewe.

Watu wasipokufa, dunia haitajaa?

Itategemea zaidi wanazaliwa wangapi. Linalonitia wasiwasi mimi si nafasi ya kulala, bali wenye vyeo ambao hawataondoka kamwe.

Faida itawafika watu wa kawaida?

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Mwaka 2023 Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya selimundu inayofanya kazi kwa kukata na kurekebisha jeni. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na maradhi hayo, na ninao wanafunzi wanaokosa wiki nzima za masomo kwa maumivu yake. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kabla ya kupewa tiba hiyo mgonjwa huhitaji hospitali yenye uwezo wa kuharibu uboho wake kwa dawa kali na kumlinda hadi seli zilizorekebishwa zishike. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya maradhi yanayoua watoto, sioni tiba ya uzee itakuja kwetu kwa bei gani.

Kwa upande mwingine, kuvuka kukubwa kuliko kote nilikokushuhudia kwa macho yangu kulikuja na chandarua. Nilipokuwa mwanafunzi, malaria ilikuwa sehemu ya kalenda. Kuanzia mwaka 2003 zilipoingia dawa mseto, kisha vyandarua vyenye dawa na upulizaji majumbani, maambukizo Zanzibar yalishuka hadi chini ya asilimia moja. Watoto waliookolewa wamepata miongo ya maisha, na hakuna aliyewaita wavukaji. Vivyo hivyo Serikali ya Zanzibar ilipoanzisha pensheni jamii Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70, ilifanya zaidi kwa uzee wa jirani zangu kuliko maabara yoyote ya California, na zilikuwa fedha kidogo tu.

Wewe mwenyewe ukipewa kidonge cha kuishi miaka mia mbili, utameza?

Nitauliza kwanza kama na mke wangu amepewa. Bibi alipovuka miaka tisini macho yake yalikuwa mazima, na alichokilalamikia si mwili. Alikuwa akijua nyimbo za unyago na utani wa rika lake, na hakubaki hata mmoja wa kuitikia. Alikuwa akianza wimbo, akingoja kidogo, kisha akimaliza peke yake. Lenzi ilimpa macho, lakini waliokuwa wakimtazama hawakuwa wale aliowataka.

Lakini nikijibu kwa ukweli, nadhani ningemeza. Magoti yangu hayapandi tena ngazi za skuli, na yapo mambo kuhusu ubongo ambayo ningependa niwepo yatakapojulikana.

Umeandika wasia?

Ndiyo. Uko kwa mdogo wangu, Wete. Mikarafuu imeelezwa humo, na madeni, na miwani apewe yeyote atakayeona kwayo.